Saba ya Kopa Ilivyonikosesha Mbio za Las Vegas

Tiketi ya mbio za magari za Formula 1 niliilipia kidogo kidogo kuanzia mwezi wa sita, kwa mshahara wa kupakia maboksi ghalani huku Ohio. Kwa hiyo ukisikia kwamba Novemba 2023 nilikwenda Las Vegas, nikakaa siku tatu na nisione hata tairi, njoo nikusimulie mwenyewe. Dada anaisimulia vibaya.

Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa, anafanya usafi katika hoteli moja ya huko, na ndiye aliyenipokea. Alhamisi usiku, kwenye mazoezi ya kwanza, Ferrari ya Carlos Sainz ilipita juu ya mfuniko wa valvu ya maji barabarani, mfuniko ukang'oka ukalichana gari tumbo. Mazoezi yalikuwa yamekwenda dakika kama nane tu. Gari lenye thamani ya mtaa mzima limelazwa na mfuniko! Nilicheka mpaka dada akanionya kwamba ya mwenzio hayachekwi. Sikusikia.

Jumamosi ndiyo siku ya mbio zenyewe, saa nne usiku: mizunguko 50 ya kilomita 6.2 katikati ya mji. Dada yuko zamu, barabara zimefungwa, mimi nina saa tano za kupoteza. Nikazama kwenye kasino moja kufuata choo, nikakuta tangazo: mashindano ya poka, kiingilio dola 100, watu 40, watatu wa mwisho kubaki wanalipwa.

Sasa, mimi karata nimezaliwa nazo. Ukipita Ngamiani pale Tanga jioni ukauliza fundi wa wahedi-sitini ni nani, watakuonyesha mjomba wangu. Ukimuuliza mjomba atakutajia mimi, ila kwanza atakukopa. Asiyeujua mchezo huu ajue kwamba pakiti ina pointi 120, ukifika 61 umeshinda. Ree ina 11, saba ina 10. Mzungu wa nne, na taji lake lote kichwani, ana 4 tu. Nane, tisa na kumi tunazitoa kabisa. Kumi kwetu ni ya kukunja na kuweka chini ya mguu wa meza isiyumbe.

Poka niliisoma kwenye simu nikiwa foleni. Unapewa karata mbili za siri, mezani zinafunuliwa tano za wote, kisha kila mtu anaunda mkono wake wa karata tano. Turufu, ile rangi inayokula nyingine zote, haikutajwa. Nikajua aliyeandika kasahau.

Nikalipa dola 100, wakanipa chipsi za 10,000. Ndiyo, wanaziita chipsi, na hazina mayai. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: nimetoa mia nimerudishiwa elfu kumi, kulikoni? Mimi nilisema moyoni, Marekani ni Marekani.

Mkono wa kwanza kabisa: saba ya kopa na mbili ya pau. Baadaye nimekuja kuambiwa kwamba saba na mbili za rangi tofauti ndiyo jozi mbovu kuliko zote za kuanzia katika poka. Mimi wakati huo naona saba ya kopa! Nikasukuma chipsi zote katikati, taratibu, kama mjomba anavyofanya akitaka kumtia mtu aibu. Meza nzima ikatupa karata. Nikafunua, ili waone heshima. Kimya. Kijana mmoja aliyevaa miwani meusi ndani ya nyumba aliniangalia kama anayeangalia ajali.

Saa moja baadaye saba ya kopa ikarudi, safari hii na nne. Nikasukuma tena. Yule wa miwani akanifuata na ree mbili, mkono ambao watu wa poka huuota usiku. Mezani zikafunuka saba mbili. Akasimama, akavaa koti na kuondoka bila kuaga.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuogopwa. Bibi mmoja mzee aliyekuwa kushoto kwangu, anafuma sweta kati ya mkono mmoja wa karata na mwingine, aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Ngamiani. Akatikisa kichwa kwa adabu.

Saa tatu unusu usiku ikaja mapumziko. Tumebaki sita, mimi nina 60,000. Nikapiga hesabu kwa kiwango cha wakati ule, inapita milioni mia na arobaini za kwetu. Mikono ikaanza kutetemeka. Tanga ilikuwa saa mbili unusu asubuhi, Jumapili, nikapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umeamkaje?"

"Sijalala. Mjomba, nina dola elfu sitini hapa. Za karata."

Kimya kirefu, jogoo anawika nyuma yake. "Mjomba, pesa ya kamari ni haramu," akasema. "Lakini deni langu la dukani ni la halali. Zikutanishe hizo mbili zimalizane."

Dada naye akapiga: yuko langoni, niko wapi? Nikamwambia atangulie. Nani anaacha milioni mia na arobaini akamtazame Verstappen, Mholanzi yule, akiendesha gari?

Nikaona busara nianze kutuma kidogo. Nikachukua chipsi tatu za 5,000, nikaenda dirisha la fedha, nikaomba zibadilishwe, noti ndogo ndogo tafadhali. Mama wa dirishani akaigeuza moja na kunionyesha maandishi ambayo nilikuwa nimeyakalia saa nne nzima: haina thamani ya fedha. Ni alama za mchezo. Tena kuzitoa mezani ni kosa la kufukuzwa.

Msimamizi akaja, na jamaa mmoja mwenye mabega akaja, nikajieleza kwa Kiingereza kilichokuwa kinanikimbia. Aliyeniokoa ni bibi wa sweta. Alisogea akawaambia: "Mwacheni arudi. Huyu hata mchezo wenyewe haujui." Wote wakakubali haraka mno.

Tukiwa bado tunazungumza hayo, mngurumo ukapenya ukutani. Mbio zimeanza.

Nilirudi mezani nikakuta dau la lazima limepanda na rundo langu limeliwa. Nikavumilia mpaka tukabaki wanne. Moyoni nikasema basi angalau nafasi ya tatu, nirudishe hela ya tiketi. Zikaja saba ya kopa na saba ya uru. Saba mbili! Nikasukuma kila kitu. Bibi akaweka sweta chini, akafunua kumi ya pau na kumi ya shupaza.

Mezani hakikutoka kitu cha kunisaidia. Kumi! Karata ya kuzuia meza isiyumbe!

Nikatoka mbio. Lango langu liko ng'ambo, na madaraja ya waenda kwa miguu yalikuwa yamebandikwa plastiki kwenye vioo, wasije watu wakasimama kuangalia bure. Magari yalipita chini ya miguu yangu na nilichoona ni vivuli vyenye rangi. Nilipofika langoni watu walikuwa wanatoka. Dada ndiye aliyeniambia kwamba Verstappen ameshinda, amevaa ovaroli jeupe la kumwigiza Elvis, na kwamba Leclerc amempita Pérez mzunguko wa mwisho kabisa. Akaniuliza mimi nimepata nini. Nikamwambia tuongee nyumbani.

Kwenye basi nikafungua simu. Kuna picha kutoka Tanga: fundi yuko juu ya paa, mabati mapya yanametameta, mjomba chini ameshika ngazi, anacheka meno yote.

"Bando nne, nimechukua kwa jina lako," ameandika. "Na mama yako anauliza ya kwake lini."