Upepo Bure, Waya Je?

Umeme ukikatika tu, hakosi mjuaji wa kibarazani: "Si tufunge pangaboi la kufua umeme juu ya bati? Upepo si wa Mungu, bure?" Bure! Hata maji ya kisima ni bure, ndoo na kamba ananunua nani?

Haya, tupige hesabu. Chukua pangaboi lenye duara la mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule wa kuchezesha kanga kambani, utakupa kama wati 35. Taa mbili tatu na simu kuchaji, pasi sahau. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inapanda mara nane. Raha eti? Ila ikishuka nusu, unabakiwa na moja ya nane, na upepo unajua kushuka saa ya taarifa ya habari. Na hizo wati 35 ni baada ya makato. Mjerumani Albert Betz alishathibitisha tangu 1919 kwamba huwezi kuchota zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo, maana ukitaka kuubana wote utakwepa upite pembeni. Hapo hujafika kwa wakala.

Na huko juu ya bati ndiko kubaya kuliko kote. Upepo ukigonga paa unavurugika, pangaboi linageuka-geuka kama mbuzi aliyefungwa kamba, beringi zinakufa, na usiku nyumba nzima inanguruma. Nguzo inatakiwa iipite miti na nyumba za jirani kwa mita 10 hivi, ishikwe na kamba za chuma pande zote. Betri zikijaa usithubutu kuzichomoa tu: mashine ikikosa mzigo inazunguka kama imepandwa na mashetani mpaka panga ling'oke. Umeme wa ziada upeleke hata kwenye koili ya kuchemshia maji. Ukitaka kulisimamisha, unganisha nyaya zake tatu pamoja, linajikaba lenyewe. Lakini fanya hivyo upepo ukiwa mpole. Ukingoja dhoruba, utanusa koili za mashine zikiungua.

Msidhani wakubwa wamepona. Mwaka 1941 kule Vermont, Marekani, walisimamisha dude la kilowati 1,250, mapanga mawili ya chuma, kila moja tani 8. Mwaka 1943 beringi kuu ikafa. Vita vinapiganwa, spea ikachukua miaka miwili. Likawashwa tena 1945, na baada ya wiki chache panga moja likachomoka likaenda kuanguka zaidi ya mita 200 huko. Kumbe shina la panga lilijulikana ni dhaifu, ila chuma cha kuliimarisha kilikuwa vitani. "Itavumilia tu hii." Mafundi ni wale wale dunia nzima!

Mdenishi Johannes Juul hakutaka makuu. Pangaboi lake la Gedser, Denmark, la 1957, lilikuwa la kilowati 200, mapanga matatu yaliyochongwa hivi kwamba upepo ukizidi yanapoteza mshiko yenyewe, na breki kwenye ncha. Lilifanya kazi kama miaka kumi bila kudekezwa.

Sasa njooni Marsabit, Kenya, karibu na Ziwa Turkana, kwenye upepo wa kuangusha punda. Zikasimamishwa mashine 365, kilowati 850 kila moja, jumla megawati 310. Hadi 2017 zote ziko wima, zinang'aa. Kilichokosekana ni laini ya kupeleka umeme kwenye kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ambayo ilikamilika 2018. Mashine moja kwa kila siku ya mwaka, na mwaka mzima ukapita zikipunga hewa!

Kwa hiyo mjuaji akirudi na habari zake za bati, mwulizeni kwanza ana waya mita ngapi.