Go, Went: Kitenzi cha Viraka

Jamani, mtoto wa darasa la tatu akiandika goed, kosa lake nini? Walk ni walked, jump ni jumped. Kafuata kanuni kama alivyofundishwa. Daftari linarudi limejaa kalamu nyekundu: andika went. Hebu tazameni go na went, wanagawana herufi ipi?

Hawagawani, kwa sababu went si mtoto wa go. Kachukuliwa kwa jirani. Kiingereza cha kale, miaka 1,000 na ushei iliyopita, kilisema gān kwa kwenda, na mambo ya jana yakawa ēode, ambayo nayo ni ya shina jingine. Yaani maradhi ni ya kuzaliwa. Pembeni kulikuwa na wendan, kugeuka, kushika njia, na wakati wake uliopita ukaja kuwa went, sawasawa na send na sent, bend na bent. Ēode ikachakaa midomoni, huyu anasema yede, yule yode. Kufika karne ya 15, Waingereza wa kusini wameshahamia kwenye went ya watu. Waskoti hawakutaka makuu: wakaishonea go mkia wao wenyewe, wakapata gaed. Si ndiyo goed ya mtoto wetu hiyo?

Wend aliyevuliwa nguo ikabidi ajishonee wended. (Msimtafutie undugu na kwenda yetu, ni sadfa tu, yetu ni ya Kibantu, Waganda wanasema okugenda.)

Tena maneno kama haya hayanyooki kirahisi. Yanatumika kila saa, mtoto anayakariri hata kanuni hajaijua. Kinachonyooshwa ni kitenzi cha msimu. Kifaransa nacho je vais (naenda), nous allons (tunaenda), j'irai (nitaenda): kwenda kumoja, mashina matatu!

Halafu kazi za go. Saa ya kuamsha ikilia, goes off. Taa ikizimika, goes off. Maziwa yakichacha, goes off. Bomu likilipuka, goes off. Sasa mtu akiipiga kelele hiyo kutoka jikoni, ukimbie au ukanuse?

Ila tusicheke sana. Mgeni anajifunza soma, pika, kata, vizuri kabisa. Akisema enda, anaambiwa nenda. Akisema ja, njoo. Akiuliza kwa nini, anajibiwa huenda ni mazoea. Na hiyo huenda ni kwenda ile ile, imechoka kutembea, imekaa barazani inabahatisha.