Muulize Waziwazi

Jirani hatoki nje, simu hapokei, na juzi amemgawia mtoto wa mlango wa pili redio yake. Ploti nzima inanong'ona, lakini hakuna anayemuuliza. Sisi wa Nairobi mchango wa mazishi tunaukamilisha kwa M-Pesa siku moja. Swali moja kwa mtu aliye hai linatushinda.

Swali ni hili: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Muulize mkiwa wawili, kisha nyamaza usikilize. Wengi huogopa kwamba litamtia wazo kichwani. Halimtii, mara nyingi humpa nafuu. Kinachoharibu ni swali linaloomba jibu la hapana: "Wewe huwezi kuwaza ujinga kama huo, ama?" Atakujibu unachotaka kusikia. Mahubiri nayo yangoje.

Akikubali, uliza kama ana mpango, na ni wa lini. Kama anao, usimwache peke yake hata kidogo. Dawa zote za nyumbani, za watu na za wadudu, zihamie kwa jirani usiku huohuo. Msukumo mkali mara nyingi hupungua baada ya dakika au saa chache, na kazi yenu ni kumvusha saa hizo. Usimwahidi siri.

Pigeni 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, au Befrienders Kenya, shirika linalosikiliza wenye mawazo ya kujiua, 0722 178 177. Pigeni pamoja, kumtumia namba kwa meseji kisha ukaenda zako hakutoshi. Hali ikiwa mbaya, nendeni idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, au Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili pale Barabara ya Thika. Mapokezini taja kujiua kwa jina lake. Ukisema "ana mawazo mengi", huenda mkakaa foleni hadi asubuhi.

Wapo wanaoficha kwa kuogopa polisi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliweka hadi miaka 2 jela kwa jaribio la kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba.

Tunapoteleza zaidi ni mgonjwa akisharuhusiwa. Wageni hufurika siku mbili tatu, kisha kimya, ilhali wiki hizo za kwanza ndizo za hatari kubwa. Gawaneni zamu: nani Jumatatu, nani Jumatano, nani wa kumsindikiza kliniki. Nauli ya matatu iwekwe kando mapema, maana kliniki nyingi hukoswa kwa sababu ya nauli tu.