Leseni ya jimbo zima kwa mafundi umeme: mtihani si kitu, kazi ipo kwenye saa

Ukiwa fundi umeme Pennsylvania, New York au Illinois, hakuna leseni ya jimbo. Philadelphia ina leseni yake, jiji la New York lina yake, Chicago nayo ina yake. Ukihamia mji wa jirani, karatasi uliyoihangaikia kwa miaka huenda isikusaidie lolote. Miswada ya kuleta leseni moja ya jimbo imekuwa ikiibuka na kuzama, na wabishi ni walewale: upande mmoja unasema umeme unaua, mwingine unasema leseni ni njia ya wakongwe kufunga mlango. Wenzetu waliotoka Dar, Mombasa au Bukavu na kuingia kwenye kazi hii Marekani wanauliza jambo moja tu: leseni hizo za jimbo zikija, tujiandae vipi?

Texas ilishapita njia hiyo. Sheria ilipitishwa mwaka 2003, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2004 fundi akatakiwa kuwa na leseni ya jimbo, inayotolewa na idara iitwayo TDLR. Waliokuwa na leseni za miji waliruhusiwa kuzibadilisha bila mtihani. Wengine wote wakawekewa ngazi. Kwanza unakuwa mwanagenzi: miaka 16 au zaidi, dola 20, hakuna mtihani. Ukifikisha saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu, unaweza kuwa fundi kamili. Fundi mkuu mwenyewe anahitaji saa 12,000, na awe amekaa na leseni ya fundi kamili kwa angalau miaka miwili.

Hoja ya usalama mimi naikubali, na sababu ni rangi za waya. Fundi aliyejifunza kwenye nyumba za zamani za Afrika Mashariki anajua nyekundu ni moto, yaani yenye umeme, na nyeusi ni nyutro, inayorudisha umeme, kwa mfumo wa zamani wa Kiingereza. Marekani nyeusi ndiyo ya moto, nyutro ni nyeupe. Mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi, tena hodari, akifungua boksi la soketi huku mkono ukitangulia akili, atashika waya ambayo maisha yake yote ameiona salama. Hata soketi zenyewe zinafungwa kwa mantiki nyingine. Kule kwetu soketi nyingi hufungwa kwa mzunguko unaorudi ulikoanzia, na plagi ina fyuzi yake ndani. Huku hakuna hayo. Ulinzi unategemea breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, na waya ya shaba namba 12 mwisho wake kwa kawaida ni breka ya ampea 20. Umeme wa nyumbani nao ni volti 120, ukitaka 240 unachukua waya mbili za moto. Uhodari wa mtu haumfundishi mambo haya. Lazima ayasome, na mtihani unamlazimisha kuyasoma.

Na mtihani wenyewe, wanaowatishia watu nao wanautia chumvi. Texas unaruhusiwa kuingia na kitabu cha kanuni za umeme za Marekani, NEC, kinachofanyiwa marekebisho kila baada ya miaka mitatu. Anayekijua kitabu kilivyopangwa, akaweza kufika kwenye jedwali la waya bila kupapasa, yuko mbele kuliko aliyekariri. Kiingereza kitamsumbua mtu, hilo kweli, lakini ni Kiingereza cha maneno machache yanayojirudia.

Sasa upande wa pili, ambao si wa kupuuzwa. Mwaka 1981 wachumi wawili wa Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha majimbo, wakakuta kwamba palipokuwa na masharti makali zaidi ya leseni za mafundi umeme, mafundi walikuwa wachache na vifo vya kupigwa na umeme vilikuwa vingi zaidi. Maelezo yao yanaingia akilini: fundi akiwa adimu na ghali, mwenye nyumba anapanda ngazi mwenyewe. Utafiti wa kulinganisha majimbo una mashaka yake, kwani majimbo hutofautiana kwa mengi mbali na leseni. Hata hivyo, mwenye nyumba anayefunga waya mwenyewe hajatungwa. Sheria ya Texas yenyewe inamruhusu anayeishi kwenye nyumba yake kufanya kazi ya umeme humo bila leseni, mji usipokuwa na kanuni inayohusu kazi hiyo. Nje ya mipaka ya miji mara nyingi hata mkaguzi haji. Kwa hiyo leseni inamchuja fundi, halafu kazi aliyoifanya inabaki bila jicho la mtu.

Kinachonikera zaidi ni zile saa. Saa 8,000 ni kama miaka minne ya kazi ya kutwa, na hazihesabiki mpaka fundi mkuu uliyefanya naye atie sahihi. Hapo ndipo mlango ulipo kwa kweli. Fundi mkuu akigombana nawe, akihama, akifa, au kampuni ikifungwa, utathibitisha vipi? Bosi akijua kwamba sahihi yake ndiyo itakayokutoa kwake na kukupandisha mshahara, ana haraka gani? Serikali inasimamia mtihani kwa makini, halafu jambo gumu kuliko mtihani imeliacha mikononi mwa mtu mwenye maslahi. Kama muswada mpya utaandikwa mahali pengine, ningependa saa zisajiliwe kila mwaka jimboni, mwanagenzi mwenyewe aone hesabu yake.

Kwa mgeni ni zaidi. Leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, au ya EPRA, ile ya Kenya, haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Texas, na barua ya bosi wa Kariakoo haina uzito wa sahihi ya fundi mkuu mwenye leseni. Watu wazima wenye ujuzi wanaanza kama wanagenzi. Mimi nasema waanze tu, mapema, kwa sababu saa hazirudi nyuma. Chukua kadi ya mwanagenzi wiki ya kwanza. Tunza karatasi za mishahara, andika namba ya leseni ya kila fundi mkuu uliyemfuata, na omba sahihi siku unayoondoka. Usingoje miaka mitatu.

Iowa nayo ina la kutufunza. Leseni za jimbo zilipoanza mwaka 2008, kulikuwa na daraja A la waliofanya mtihani na daraja B la waliopita kwa uzoefu. Wengi wangechagua B bila kufikiri. Lakini sheria iliipa miji nafasi ya kuwawekea watu wa daraja B mipaka, hata kuwakataa. Kwa hiyo jimbo lako likikupa njia ya kupita bila mtihani, soma kwanza njia hiyo inaishia wapi, na kama una nguvu ya kusoma kitabu, fanya mtihani.