Kidole Chenye Mate

Kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa ni tabia niliyoirithi kwa baba, naye sijui aliitoa wapi. Kwenye karatasi haina neno. Sanasana pembe za kitabu huvimba na aliyekuazima hakuazimi tena. Tatizo ni kwamba nilihamia vitabu vya kielektroniki, kidole kikabaki karatasini.

Nilihamia kwa mbwembwe. Vitabu mia mbili mfukoni, na mfuko hautuni! Herufi nazikuza mpaka zinatosha bango la uchaguzi. Neno likinitatiza nalibonyeza, kamusi inajitokeza yenyewe bila kunicheka. Mpwa wangu alinishauri ninunue kile kifaa cha wino wa kielektroniki, ambacho hula umeme zaidi pale tu unapogeuza ukurasa, hivyo chaji hukaa wiki kadhaa. Nikaona ananitafutia matumizi. Simu si ninayo? Tena usiku macho yakichoka hunisomea: nateremsha vidole viwili toka juu ya kioo, sauti inaanza.

Vikumbuke hivyo vidole viwili.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno. Watu kumi na kitu, kimya, kila mmoja kashika shavu lake. Nikajituliza na riwaya ya mauaji. Nilikuwa asilimia 91 (siku hizi kurasa tumeziacha, tunahesabu kitabu kama betri), inspekta kashawakusanya watuhumiwa sebuleni. Nikalamba kidole, nikapangusa.

Kioo cha simu humtambua mtu kwa umeme, na mate nayo hupitisha umeme. Simu ikahesabu vidole vya kutosha timu ya mpira.

“Mjane akamvutia inspekta nyuma ya pazia,” ilitangaza, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka.

Nikabonyeza inyamaze. Sauti ikapanda. Nikafuta kioo kwa shati, tukaruka aya mbili, na hizo mbili ndizo zilizokuwa na adabu. Kwa kupagawa nikaikalia.

“Nikumbatie,” ilisema simu kutoka chini yangu.

Bibi aliyekaa mkabala akakohoa. “Mwanangu, hebu mtoe huyo mama ulipomkalia, tusikie vizuri.”

Nikaiweka mezani. Mashavu yakaachwa, viti vikasogezwa. Dada wa mapokezi akaacha kuita majina. Bwana mmoja akaapa muuaji ni mtunza bustani, eti hakumwamini toka mwanzo. Huo mwanzo wenyewe hakuusikia. Inspekta akanyanyua kidole.

“Muuaji yumo humu ndani,” alisema, “na jina lake ni…”

Kioo kikawa cheusi. Chaji.

Walinitazama kana kwamba aliyeua ni mimi. Hakuna aliyekuwa na chaja iliyoingia kwenye simu yangu, ingawa walipekua mikoba yote, hata ya bibi. Nilipoitwa ndani nilishukuru, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa daktari wa meno.

“Panua mdomo,” alisema. Akaingiza kioo, kikafuata chuma chenye ndoano, kisha akainama sikioni. “Ukuta huu mwembamba. Nani kamuua?”

“Hihui,” nilijibu.

“Nani?”

“Hihui!”

“Mpishi!” Akamgeukia msaidizi wake. “Nilikwambia ni mpishi.”

Msaidizi akaguna, akatoa noti mfukoni, akamkabidhi.