Mtoto hashibi, mtaa washangilia

Lamu mtoto hakosi cha kutafuna. Akipita mtaa wa Langoni hupewa hamri baraza hii, kipande cha mkate wa mofa baraza ile, na jioni za Ramadhani sahani humfuata hadi kwao. Anayekula vizuri ni fahari ya bibi yake. Ndiyo maana dalili za ugonjwa wa Prader-Willi zaweza kutupita huku tukishangilia.

Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa mlegevu: ukimwinua, mikono na miguu inaning'inia. Kilio chake ni hafifu, ziwa halivuti, mama hukamua na kumnywesha kwa kijiko. Wa kiume mara nyingi korodani hazijashuka. Kisha, akishapita miaka miwili hivi, uzito huanza kupanda hata kabla ulaji haujazidi, na baadaye huja njaa isiyozimika. Atakula, ataomba tena, ataficha mkate chini ya mto. Watu husema dua imejibiwa. Kumbe ubongo haupokei habari ya shibe, na mwili wenyewe hutumia chakula kidogo kuliko wa wenzake. Chanzo ni sehemu ya kromosomu ya 15 (kromosomu ni nyuzi zibebazo urithi ndani ya seli), ile ya upande wa baba, kukosekana au kutofanya kazi. Baba asilaumiwe, karibu kila mara hutokea tu, si ugonjwa wa ukoo.

Kuna wasiotaka dalili hizi zitangazwe, na wana hoja. Ugonjwa ni adimu, takriban mtoto mmoja kati ya 15,000. Kichanga aliyelegea ashukiwe kwanza maambukizi au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, mambo yanayoua kwa saa chache. Kipimo ni cha DNA, na safari yake ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Mombasa. Dawa ya kuponya haipo. Ya kwanza ya kupunguza njaa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2025 tu.

Nawakubalia nusu. Ulegevu peke yake usitishe watu. Lakini alishindwa kunyonya, sasa hashibi: hilo nesi huliuliza bila mashine, na kitabu cha kliniki humjibu. Mstari wa uzito uliokuwa ukiburura chini unapanda na kuivuka mistari ya juu, urefu umebaki nyuma.

Jina la ugonjwa haliponyi, ila humpa mama haki ya kufunga kabati. Bila jina, ni mchoyo anayemnyima mwanawe. Na kabati moja halitoshi kwenye mtaa wenye milango wazi. Watoto hawa hutapika kwa nadra na maumivu hawayasikii sana, wanaweza kula hadi tumbo lipasuke. Kueleza majirani ni kumwanika mtoto, najua. Anayesema tu "daktari kamkataza" simlaumu, mradi wa kwanza kuambiwa awe muuza mahamri wa asubuhi.