I Zwicky 18: galaksi changa, au kongwe yenye sura changa?

Katika kundinyota la Dubu Mkubwa kuna galaksi kibete isiyo na umbo maalumu, I Zwicky 18, ambayo Fritz Zwicky aliitambua miaka ya 1930. Inazaa nyota kwa kasi, tena nyota kubwa za buluu, na wanafalaki wamebishana miongo mingi kuhusu umri wake.

Ubishi ulianzia kwenye oksijeni. Elementi nzito, oksijeni ikiwemo, hupikwa ndani ya nyota na kumwagwa angani nyota zinapolipuka. Kila kizazi huiacha gesi ikiwa na oksijeni nyingi kuliko kilivyoikuta. Gesi ya I Zwicky 18 ina takriban asilimia 3 tu ya kiwango cha Jua. Mwaka 1972 Leonard Searle na Wallace Sargent walitaja njia mbili: ama galaksi hii ni changa, ama huzaa kwa vipindi na kutulia muda mrefu katikati.

Mwaka 2004 hoja ya uchanga ilipata nguvu. Yuri Izotov na Trinh Thuan, wakitumia darubini ya Hubble, walitafuta majitu mekundu, yaani nyota zilizokwisha kuzeeka, wasiyaone. Wakakadiria umri usiozidi miaka milioni 500. Haikuwa hoja ya kubeza, ila ilitegemea umbali. Mwaka 2007 Alessandra Aloisi na wenzake walipima upya kwa nyota za Sefeidi, ambazo mwendo wa kung'aa na kufifia kwake hufichua umbali, wakapata miaka nuru milioni 59, si 45 kama ilivyodhaniwa. Majitu mekundu yalikuwepo. Yalikuwa hafifu mno kwa uchunguzi wa awali.

Kwangu mimi, suala la umri limekwisha: ina nyota zenye miaka bilioni 1 au zaidi, pengine hata 10. Lakini wenye hoja ya uchanga wanatudai jibu bado. Oksijeni ya miaka yote hiyo iko wapi? Huenda milipuko huitupa nje, maana uvutano wa galaksi ndogo ni dhaifu. Huenda pia gesi safi huingia na kuizimua. Naegemea zaidi hili la pili, kwa sababu wingu la haidrojeni linaloizunguka limeenea mbali kupita nyota zake.

Na hata ikiwa kongwe, gesi yake inafanana na ile ya galaksi za mwanzo wa ulimwengu. Zile tunaziona kama vidoa vya mwanga. Hapa tunaweza kuhesabu nyota moja moja.